Usiache mashindano kwa sababu ya CUDA

Mdogo wangu, umeuliza kama uache mashindano ya kuandika programu ya Codeforces ili ujifunze CUDA (mfumo wa NVIDIA wa kuandika programu zinazoendeshwa na GPU, yaani kadi ya michoro), na laptop yako haina kadi ya NVIDIA. Usiache. Punguza tu, shindano moja kwa wiki linatosha.

Ila kichwa itabidi kigeuke. Kwenye mashindano unahesabu hatua: namba 200,000, ukizipanga kwa n log n (hatua chache mno kuliko n mara n) umepona. Kwenye GPU, thredi 32 (nyuzi za kazi, kila moja na data yake) hutembea pamoja kama askari wa gwaride. Ukiweka sharti la if linalozigawa, baadhi zinasimama kusubiri wenzao. Tena mara nyingi kinachochelewesha si hesabu, ni kusoma kumbukumbu. Mara yangu ya kwanza nilijumlisha namba milioni moja, GPU ikapitwa na CPU, kichakataji cha kawaida cha kompyuta! Muda wote ulikuwa umeliwa na kuhamisha data kwenda na kurudi. Niliona aibu, nikanyamaza.

Kadi isikusumbue. Fungua Google Colab (huduma ya kuendesha programu kwenye kompyuta za Google kupitia kivinjari), chagua GPU ya bure (kuna siku utanyimwa, vumilia), anza na kujumlisha safu mbili za namba. Kisha zidisha matriki: kwanza kijingajinga, halafu kwa kumbukumbu ya pamoja ya bloku (kumbukumbu ndogo ya haraka inayotumiwa na thredi za kundi moja). Pima muda kila mara, uandike pembeni.