Nairobi hadi New York ni saa 15, siyo 7

Hapana, ndugu, ndege ya Nairobi hadi New York haichukui saa 7 kama ulivyohesabu kwenye tiketi yako. JKIA (uwanja wa ndege wa Nairobi) hadi JFK (uwanja wa New York) ni kama kilomita 11,850, na ndege ya moja kwa moja ya Kenya Airways huchukua takriban saa 15 kwenda na karibu 14 kurudi. Hizo saa 7 ulizopata umetoa saa ya kuondoka kwenye saa ya kutua, na kila moja kwenye tiketi imeandikwa kwa saa za mji wake. New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa 8 majira ya baridi, 7 wakati wa kiangazi chao. Kwa hiyo ukiruka saa sita usiku mwezi Januari, unatua kwao ikiwa saa moja asubuhi, ilhali nyumbani ni saa tisa alasiri.

Kurudi ni haraka zaidi kwa sababu juu kabisa, usawa wa ndege hizi, upepo mkali huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Unaisukuma ndege ikirudi, unaikabili ikienda.

Ila kilomita hizo ni za njia fupi kabisa, ile inayopita Darfur (magharibi mwa Sudan), Chad, Algeria na Morocco kabla ya kuingia Atlantiki. Tangu vita vya Sudan vianze Aprili 2023 ndege nyingi zinaikwepa anga ile, hivyo safari halisi huwa ndefu kidogo. Ukiunganisha ndege Ulaya au Ghuba, jumlisha na saa za kusubiri uwanjani.