Vaultwarden kwenye Cloud Run: inawezekana, ila data inakaa wapi?
Umeuliza kama unaweza kuiweka Vaultwarden (seva ya kutunza paswedi, inafanya kazi na apu za Bitwarden) kwenye Cloud Run (huduma ya Google inayowasha programu yako pale tu inapohitajika) ili usilipie seva inayokaa tu. Inawezekana ndugu, ni nyepesi na inawaka haraka, shida ni data. Kwa kawaida inatumia SQLite, yaani hifadhidata ya faili moja ndani ya folda ya data, sasa kwenye Cloud Run faili unazoandika zinakaa kwenye memori tu, kontena (kifurushi kinachoendesha programu) ikizimwa paswedi zako zote kwaheri. Na usidhani kuunganisha baketi (stoo ya faili kwenye klaudi) kutakuokoa, SQLite inataka kulifunga faili wakati inaandika na baketi haijui hayo mambo. Itumie na PostgreSQL ya nje (hifadhidata inayojitegemea), inakubali vizuri tu, halafu rsa_key.pem (faili la ufunguo wa kuwatambua waliologini) nayo itunze mahali pa kudumu, la sivyo kila kontena mpya ikiwaka simu na brauza zote zinatupwa nje mnaanza kulogini upya (inakera balaa). Ukishafungua akaunti yako weka SIGNUPS_ALLOWED=false kwenye mipangilio, wageni wasijisajili. Seva ikilala sio ishu, apu ya Bitwarden inabaki na kopi kwenye simu, unasoma paswedi ila huwezi kuongeza mpya mpaka iamke. Bekapu weka kwingine kabisa, sio akaunti ileile ya klaudi.