Kitoe hicho kijiko kwenye chanya kwanza, mengine baadaye

Mkuu, kabla hujamwita mtoto mezani, kitoe hicho kijiko. Umeandika kwamba binti yako wa darasa la sita anataka kuupaka ufunguo metali nyingine kwa umeme, aupeleke kwenye maonyesho ya sayansi shuleni. Mpango wako ni kijiko cha stenlesi kwenye chanya (upande wa + wa betri), ufunguo kwenye hasi (upande wa -), maji ya chumvi na betri ya bodaboda, ili ufunguo ung'ae kama fedha. Huo mpango naujua, maana niliufanya mwaka jana na kijana wangu, chumbani, madirisha nimeyafunga kwa sababu ya mbu. Baba bora wa mwaka.

Dakika ya kwanza povu likafumka, dogo akapiga makofi. Baadaye kidogo maji yakaanza kuwa ya njano, halafu yakageuka kijani kizito kama mlenda uliolala. Kisha ikaja harufu. Jiki kabisa, kama kuna mtu analoweka mashuka chini ya kitanda. Mimi na ndevu zangu, badala ya kuchomoa waya nikamwambia, "Hiyo ndiyo dalili inafanya kazi, sogea uone." Akasogea. Alikohoa mpaka akatapika ubwabwa wote wa jioni.

Ile ilikuwa klorini. Chumvi ya mezani ni sodiamu na klorini, na ukiyapitisha umeme maji yake, klorini hukimbilia chanya na nyingine hutoka kama gesi. Ni gesi ileile ambayo Wajerumani waliifungulia wanajeshi wa upande wa pili kule Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915, kwenye Vita Kuu ya Kwanza. Wao walibeba mitungi, mimi nilitumia betri ya boda na chumvi ya ugali.

Bajaji ya usiku, zahanati, dawa: elfu arobaini na tano zikaondoka kabla ya saa sita. Mtoto alipona, namshukuru Mungu. Kijiko kilikuwa cha seti ya harusi, na pale kilipokutana na uso wa maji kililiwa kama kimetafunwa na panya. Mke wangu alikiweka juu ya televisheni wiki nzima, hasemi neno. Ufunguo wenyewe ulitoka mweusi kama sungusungu, na kwa kuwa ulikuwa wa kabati la nguo na haukuingia tena, tukavunja kitasa.

Hapo bado sijafika penye kuuma. Yale maji nikayamwaga kwenye tuta la mchicha! Kesho yake nikamsimulia jirani yangu, mwalimu wa kemia, nikitegemea atacheka. Hakucheka. Akaniuliza, "Unajua ndani ya kijiko kuna nini?" Stenlesi ni chuma kilichochanganywa na kromiamu, na mara nyingi nikeli pia. Metali iliyo kwenye chanya ndiyo inayoliwa na kuingia majini, na kromiamu ikitoka kwa njia hiyo inaweza kuwa ya aina ile inayosababisha saratani. Ile njano niliyokuwa namwonyesha mwanangu kwa kidole, aliniambia nisiichukulie mchezo. Tuta zima nililing'oa, mchicha na udongo wake, nimevaa mifuko ya plastiki mikononi kama mwizi wa mizinga ya nyuki.

Yote haya yaliletwa na kijana mmoja wa video, koti jeupe, kalamu nne mfukoni, anasema "metali yoyote inafaa, cha msingi chumvi ya kutosha na volti nyingi ili iende haraka." Metali yoyote! Volti nyingi ndizo zinazokupa unga mweusi unaotoka kwa kidole. Nilimwandikia chini ya video yake, akanijibu kwa alama ya moyo.

Kwa hiyo shika hili moja, mengine utajaza mwenyewe: kwenye chanya iwekwe shaba tupu. Sio kijiko, sio msumari, sio bati. Shaba ya chanya inayeyuka na kuingia majini, ya majini inaenda kukaa kwenye ufunguo. Ukiweka takataka kwenye chanya, unapika supu ya takataka. Na usidhani kila waya mwekundu ni shaba. Siku hizi kuna nyaya za alumini zilizopakwa shaba kwa juu tu. Kwangua kwa kisu, au ukate uangalie kati: ukiona weupe, rudisha dukani ugombane nao. Mimi niliishia kumwomba fundi umeme kipande cha waya wa nyumba, nikakikwangua mbele yake, akanuna.

Chumvi usitie hata chembe, tumia siki. Umeme ni jiwe moja la tochi, volti moja na nusu, na madirisha wazi, mbu wale wanachokula. Anza na shaba pande zote mbili mpaka siki iwe na ubuluu kidogo, ndipo uweke ufunguo kwenye hasi, uwe umesuguliwa kwa majivu na sabuni, usiushike tena kwa vidole. Rangi itakuwa ya shaba, siyo fedha, mwambie binti mapema asije akalia. Hiyo buluu ni sumu pia, kwa hiyo gilasi utakayotumia isirudi jikoni, na maji yake yasiende kwenye mboga ya mtu.

Umeuliza pia mrututu, ile chumvi ya buluu ya shaba, unauzwa wapi, na inachukua muda gani, na kitu kuhusu sarafu, sikumbuki vizuri na sina nguvu ya kupanda juu kusoma tena. Wewe niambie kwanza: huo waya ulionao umeukwangua?