Mkanda wa gari: tie au fasten?
Dada, mwalimu hakukuonea kukukata alama kwa "tie the seat belt". Kwetu sisi "kufunga" ni neno moja, Kiingereza kina mengi. Tie inataka fundo: kamba za viatu, tai, mbuzi mtini. Mkanda wa gari hauna fundo, una bizimu unayoibana mpaka ilie "ka", kwa hiyo ni fasten. Ukipanda ndege utalikuta neno hilo mbele ya macho yako, mgongoni mwa kiti cha mbele: "Fasten seat belt while seated". Ile t haitamkwi, ingawa wengi wetu tunaigonga kama nyundo.

Vifungo vya shati na zipu, Waingereza husema do up. Mlango ni close au shut. Ukitia ufunguo, lock. Zawadi ukiizungushia karatasi ni wrap, bahasha ukiigundisha mdomo ni seal.

Enclose ndiyo yenye mtego. Ni kuzungushia shamba ua, lakini pia ni kutia kitu pamoja na barua kwenye bahasha: "I enclose my certificate". Kwenye baruapepe tumia attach, maana hapo hakuna bahasha.