Mwanangu anarudi na familia: naweza kumtoa mpangaji kabla ya mkataba kuisha?

Swali: Wakili, nina nyumba Bugarika, Mwanza. Vyumba vitatu vya upande mmoja nimevipangisha kwa mkataba wa maandishi wa mwaka mmoja, unaoisha 31 Desemba. Kijana wangu anahamia huku kutoka Ukerewe na mke na watoto wanne, na sisi wenyewe tumeshabanana. Mpangaji kalipa kodi yote na hana ugomvi na mtu. Jirani ananiambia nikimpa notisi ya miezi mitatu lazima atoke. Ni kweli?

Jibu: Jirani yako amekosea, mama, ingawa hayuko peke yake. Hiyo "miezi mitatu" inazunguka mtaani kana kwamba ni amri ya serikali. Notisi ya miezi mitatu ina nguvu pale tu mkataba wenyewe unapoitaja, kwa hiyo anza kwa kuusoma wako. Tafuta kipengele kinachokuruhusu kuuvunja mapema. Kama hakipo, mpangaji asiye na kosa ana haki ya kukaa kwa utulivu hadi 31 Desemba, na shida ya familia yako, hata iwe ya kweli namna gani, haimwondolei haki hiyo.

Wazee wenzako watakumbuka sheria ya udhibiti wa kodi za nyumba ya 1984, iliyozungumzia mwenye nyumba anayehitaji nyumba yake kwa makazi. Ilifutwa 2005. Siku hizi tunaangalia Sheria ya Ardhi ya 1999 na mkataba wenu.

Ila kuna upande unaokufaa. Muda ukiisha, huhitaji sababu yoyote ya kukataa kuuongeza. Mwandikie sasa hivi kwamba hutauongeza na kwamba vyumba unavitaka kwa ajili ya familia. Apokee mbele ya mwenyekiti wa mtaa, asaini nakala utakayobaki nayo. Halafu, na hapa ndipo wengi hujiharibia, usipokee hata shilingi ya Januari. Ukimwacha akae na ukachukua kodi, kama hamkupatana vinginevyo atahesabika mpangaji wa mwezi kwa mwezi, na utalazimika kuanza upya kwa notisi isiyopungua mwezi mmoja, inayoishia siku ya kulipa kodi.

Kama kijana hawezi kusubiri, zungumza na mpangaji. Mrudishie kodi ya miezi iliyobaki, ongeza gharama ya gari la kuhamisha vyombo na kianzio cha kodi anakokwenda. Kwa maoni yangu hii ni nafuu kuliko kesi, na mtu aliyeishi na wewe vizuri mara nyingi hukubali. Mkikubaliana, andikeni tarehe ya kutoka na fedha iliyorudishwa, wote wawili msaini.

Usimkatie umeme, usibadilishe kufuli, wala usimtolee vyombo nje. Nyumba ni yako, lakini hapo wewe ndiye utakayeshtakiwa.

Akigoma kutoka baada ya Desemba, peleka shauri Baraza la Kata kwa usuluhishi. Likishindwa litakupa hati ya kuthibitisha hivyo, na zikipita siku 30 bila suluhu unaweza kuendelea hata bila hati. Kutoka hapo ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, lenye uwezo wa kuamuru aondoke. Nenda na mkataba, risiti za kodi na ile nakala ya barua yenye saini yake.