Ratiba ya chama chetu cha walimu wa piano: nianzie wapi?

Mwalimu, hongera kwa ukatibu. Umesema unatakiwa kupanga shughuli za miezi ijayo za chama cha walimu wa piano, na wanachama hawaji mikutanoni. Kusema kweli, kusomeana kumbukumbu za kikao kilichopita hakumvutii mtu.

Anza na onyesho la wanafunzi. Siku ya Piano Duniani huwa siku ya 88 ya mwaka, yaani Machi 29 (mwaka mrefu, Machi 28), kwa kuwa piano ina vibonyezo 88. Tarehe tayari unayo. Wanaoanza wapige mwanzoni. Wakisubirishwa, vidole vinakufa ganzi kwa woga. Na fundi aitune piano baada ya kuhamishiwa ukumbini, si kabla.

Kisha warsha: mwalimu mmoja afundishe mwanafunzi mbele ya walimu wenzake. Tafuta mwalimu asiyependa kujionyesha, japo si rahisi kumpata.

Angalizo: msirudufu nota zenye hakimiliki, wala msisambaze picha za watoto bila idhini ya wazazi. Mkitoza kiingilio, muulizeni kwanza mhasibu kuhusu kodi.