Camaro Z/28 au Mustang Boss 302 ya 1969: Jibu kwa Anayetaka Kununua

Msomaji mmoja anayeishi hapa Marekani kama mimi, na ambaye ameweka akiba ya kununua gari la zamani, ameniuliza achague lipi kati ya Chevrolet Camaro Z/28 na Ford Mustang Boss 302, yote mawili ya 1969. Swali hilo linanigusa, kwa kuwa niliponunua Boss 302 yangu wenzangu walinicheka waziwazi, wakidai kwamba fedha zile zingetosha Camaro na chenji ikabaki. Leo hao hao ndio wanaonibembeleza niwauzie.

Kwa mwendo, tofauti ni ndogo kuliko makelele ya mashabiki. Magari haya yaliundwa kwa ajili ya Trans-Am, mashindano ya mbio za magari ya Marekani, ambayo kanuni zake ziliweka kikomo cha injini ya lita 5. Ndiyo maana kila moja lina injini ya inchi za ujazo 302 (karibu lita 5), iliyotangazwa kuwa na nguvu za farasi 290, ingawa mimi, niliyeyaendesha yote mawili, siamini kwamba zinaishia hapo. Chevrolet walioanisha upana wa silinda za injini ya 327 na mwendo mfupi wa pistoni za injini ya 283, ilhali Ford walifunga silinda hedi (sehemu ya juu ya injini) zenye valvu kubwa mno. Ukiendesha taratibu mjini, zote mbili huchosha. Raha huanza injini inapozunguka kwa kasi. Camaro ilitwaa ubingwa mwaka 1968 na 1969 kupitia dereva Mark Donohue na timu ya Roger Penske, kisha Ford wakautwaa mwaka 1970, Parnelli Jones akiwa miongoni mwa madereva wao.

Linapokuja suala la thamani, hapo ndipo sina subira na wabishi. Z/28 za 1969 zilitengenezwa zaidi ya 20,000, na Boss 302 za mwaka huo ni 1,628 tu. Zaidi ya hayo, Boss hujitambulisha yenyewe kwa herufi G katika namba ya chesisi, wakati namba ya Camaro huonyesha tu kwamba gari lilitoka na injini ya V8 (ya silinda nane), si kwamba ni Z/28, hivyo ni rahisi kudanganywa. Muuzaji mmoja aliwahi kunionyesha “Z/28” yenye mistari na beji zote, na chapa ya DZ, yaani alama ya injini ya Z/28, kwenye injini. Nilipomwomba karatasi za awali alinijibu kwa dharau ambayo sijaisahau, nami nikaondoka na fedha zangu.

Kwa hiyo, ndugu yangu, dai karatasi kabla ya kusifia rangi, na uhakikishe kwamba namba iliyogongwa kwenye bloku inalingana na ya chesisi. Vijana wetu hupenda mngurumo, wakasahau kusoma. Ukipata Z/28 yenye nyaraka kamili, inunue bila kusita. Vinginevyo tafuta Boss, ila muulize mwenye gari kama pistoni zimebadilishwa, kwa sababu zile za kiwandani zinajulikana kwa kupasuka sehemu ya chini, na spea za injini hiyo ni ghali.